Filamu wanazo Mumbai, bibi yupo Kiswere

  

Leo mada ni picha la Kihindi. Usinune! Wapo watoto wa mjini wanaojifanya hawalitaki, eti ushamba, lakini likiwekwa sebuleni hawabanduki kwenye kochi mpaka stelingi alipe kisasi cha baba yake. Na machozi juu.

Mnamkumbuka Kili Paul alivyoibuka? Mwishoni mwa 2021 kijana yule wa Kimasai, na shuka lake begani, pamoja na dada yake Neema, walianza kuvuma kwa kujirekodi na simu wakifuatisha nyimbo za filamu za Kihindi kwa midomo. Mchezo mchezo, wakawa gumzo India nzima. Februari 2022 Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Narendra Modi, akawasifu katika kipindi chake cha redio. Hapa Bongo watu wakabaki vinywa wazi: Mmasai na Kihindi wapi na wapi?

Aliyeuliza hivyo hana bibi wa pwani.

Chukua Kiswere. Kwa asiyepajua, ni kijiji kilichokaa kwenye ghuba yake kusini mwa Kilwa, ukiwa unaelekea Lindi. Bahari, mikoko, minazi, samaki. Mwambie kijana wa Sinza aende Kiswere akatafute habari za sinema, atakuona umechanganyikiwa. Lakini pwani hii na India ni majirani wa siku nyingi, katikati ni maji tu. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi walishajaa Kilwa Kivinje, na majengo ya zama zao bado yapo pale kwa mwenye macho. Neno gari limetoka kwao, laki limetoka kwao, na chapati unayonywea chai asubuhi vilevile.

Kwa hiyo sinema ilipokuja, ilikuta watu wanaojuana. Zanzibar, katika miaka ya 1910, bwana mmoja aitwaye Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa tayari anaonyesha picha kwenye banda lake, watu wakaliita sinema ya bati. Mwaka 1921 likajengwa jumba la Royal, palepale ilipo Majestic. Kisha majumba yakaenea miji ya bara, na Lindi haikuachwa nyuma. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilitikisa pwani nzima. Watu walitoka ukumbini wakiimba maneno ambayo hawajui maana yake, ila wanajua mahali pa kulia.

Kusini nako, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika ikikaza hakuna cha basi wala lori. Basi mwenye bahati ya kufika mjini alirudi kijijini na hadithi nzima ya picha: stelingi kafanya hivi, adui kafanya vile, mama kapofuka kwa kulia. Anayesimulia anasimulia, wengine wanakaa mkekani kama wako ukumbini. Zikaja deki na jenereta, likaja banda la video. Na hapo ndipo alipong'ara Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyekuwa akichukua filamu za kigeni na kuweka sauti yake juu, anazieleza kwa Kiswahili, anatia na chumvi. Mtu hajui Kihindi hata salamu, lakini picha ameielewa kuliko mwenyewe aliyeitengeneza.

Muziki nao? Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alitamba pwani nzima kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Kina mama wa pwani waliolewa na kuachwa kwa sauti ile.

Sasa swali langu la leo, na naomba usiliruke: vyote hivyo viko wapi?

Wenzetu Wahindi walijiuliza swali hili wakiwa wameshachelewa. Filamu yao ya kwanza ya kuongea, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931. Leo haijulikani hata nakala moja iliyobaki duniani. Si mchezo! Enzi za filamu za kimya walitengeneza filamu zaidi ya 1,300, na zilizosalia hazifiki hata 40, tena nyingine ni vipande. Mikanda ya zamani ilikuwa inashika moto upesi kama mafuta ya taa. Mingine iliozea stoo kwa joto na unyevu. Na mingine iliuzwa kwa kilo, kwa sababu mkanda wa picha ulikuwa na madini ya fedha ndani yake: watu wanaufua, wanatoa fedha, wanatupa kilichobaki. Sura za mastaa zikageuka bangili.

Ndipo mwaka 1964 serikali yao ikaanzisha hifadhi ya taifa ya filamu mjini Pune. Aliyeijenga ni P.K. Nair, mtu ambaye akisikia kuna mkanda umefichwa mahali, halali mpaka aufikie. Na watu binafsi nao hawakukaa kimya. Mwaka 2000 Neville Tuli alianzisha Osian's mjini Mumbai, akawa ananunua michoro ya wasanii wa Kihindi pamoja na mabango ya filamu, picha za mastaa na vijitabu vya nyimbo vilivyokuwa vikiuzwa milangoni mwa sinema. Vitu ambavyo wengine walikuwa wanafungia vitumbua, yeye anaviweka pamoja na sanaa ya kutundikwa ukutani! Njia haikuwa laini, maana mfuko wa sanaa ambao Osian's iliuanzisha mwaka 2006 ulishindwa kuwalipa wawekezaji kwa wakati, ikawa kasheshe. Lakini bango lililookolewa limeokolewa. Mwaka 2014 mtengeneza filamu Shivendra Singh Dungarpur naye akaanzisha taasisi yake binafsi, Film Heritage Foundation, kazi yake ni kusaka na kukarabati mikanda.

Na hapa ndipo pananinogea. Vitu vilivyopotea kwao vimekuwa vikipatikana kwa watu wengine. Bilwamangal, filamu ya kimya ya mwaka 1919, sehemu yake ilikutwa kwenye hifadhi ya filamu ya Ufaransa, na nakala ikarudi India mwaka 2016. Sholay ya mwaka 1975, ile ya Amitabh Bachchan na Dharmendra, mnaijua. Mwisho wake wa awali, ambapo Thakur mwenyewe anammaliza Gabbar, ulikatazwa na wakaguzi wa serikali, ikabidi polisi watokee dakika ya mwisho kumwokoa jambazi. Miaka 50 baadaye, Juni 2025, picha ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa imekarabatiwa na mwisho wake wa awali umerudi. Baadhi ya mikanda iliyotumika ilipatikana kwenye ghala huko Uingereza. Yaani India imeupata mwisho wa picha yake kwenye stoo ya ugenini.

Umeona ninakoelekea, sivyo?

Filamu zenyewe, hizo zilizobaki, zina wenyewe. Ziko Pune, ziko Mumbai, zina vyumba vya baridi na watu wenye glavu. Ukilala na kuamka Awara bado ipo. Lakini alivyoielewa bibi wa Kiswere, jina alilompa stelingi, wimbo alioutungia maneno yake akipeta mchele, kanga aliyojifunga siku ya kwanza kuingia ukumbini, hayo hayapo Mumbai. Hayapo Pune, hayapo Ufaransa. Yapo kwenye kichwa cha bibi na kwenye sanduku lililo chini ya kitanda chake. Na bibi, Mungu ampe umri, si wa milele.

Msidhani haiwezekani huku kwetu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Zanzibar. Alipiga picha za Sultani, za mitaa, za majahazi, za watu wa kawaida. Mwanawe, Rohit, akaurithi ufunguo, na duka lao la Barabara ya Kenyatta likawa kama jumba la makumbusho, picha za rangi nyeusi na nyeupe toka sakafuni mpaka darini. Halikuwa shirika la umma wala mradi wa wafadhili. Ni familia moja iliyokataa kutupa.

Mombasa kulikuwa na Parekh Studio. Huyu alikuwa fundi Mhindi, wateja wake wengi Waswahili, na wengi waliingia studio wanataka kutoka kama mastaa wa filamu za Kihindi: kichwa kimeinama kidogo, macho yanatazama mbali, mpenzi nyuma ya bega. Leo picha zile zinaandikiwa vitabu na kutundikwa kwenye maonyesho ya ng'ambo. Waliopigwa walilipa shilingi zao wakaenda nazo nyumbani, hawakujua kwamba wanaandika historia.

Sasa tazama majumbani kwetu. Msiba unapita, siku ya arobaini inakwisha, vijana wanaanza kusafisha chumba cha marehemu. Godoro linagawiwa, vyombo vinagawiwa, sanduku la picha na kanda linaambiwa "hizo takataka." Jioni moto unawashwa uani. Nani yule aliyesimama kando ya bwana wa Kihindi mbele ya duka? Hakuna anayejua, na sasa hakuna atakayejua. Nakwambia, jambazi Gabbar hajawahi kufanya uharibifu kama kiberiti cha siku ya arobaini.

Kwa hiyo mwana wa mjini mwenye simu ya bei mbaya, wiki hii nakupa kazi. Likizo ukienda Kiswere, Kivinje, Mchinga au kokote walipo wazee wako, usiende kupiga picha za machweo tu.

Kwanza, kaa na bibi, washa simu, umwombe akusimulie picha ya Kihindi anayoikumbuka. Usimsahihishe! Hata akichanganya picha tatu kuwa moja, mwache, hiyo yake ndiyo unayoitaka.

Pili, picha za zamani zipige kivulini penye mwanga wa mchana, bila taa ya simu. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli, taratibu, jina la mtu, mahali na mwaka. Kalamu ya wino inapenya upande wa pili. Picha isiyo na jina, miaka 20 ijayo ni karatasi.

Tatu, toa picha kwenye albamu zile za gundi na nailoni, na usizipeleke kupigwa plastiki ya moto kama kitambulisho. Unyevu wa pwani ukinaswa humo ndani unazila polepole. Bahasha za karatasi na boksi kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni vinatosha, mchwa wakose njia.

Nne, kanda za kaseti usizijaribu kwenye redio mbovu inayotafuna. Tafuta fundi azihamishie kwenye simu mara moja, kisha zipumzishe.

Na tano, ukishakusanya, usikae nazo peke yako. Nakala moja ibaki kwa ndugu mwingine, nyingine mbali na nyumba hiyo. Alam Ara ingekuwa na nakala moja tu kwenye stoo ya mtu asiyeuza fedha kwa kilo, leo tungekuwa tunaitazama.

Bibi akikuuliza unazitakia nini takataka hizi, mwambie unafungua sinema. Atacheka, kisha atavuta sanduku.

Haya, tukutane wiki ijayo tukijaaliwa. Na wewe uliyekuwa unajifanya hulitaki picha la Kihindi, futa machozi hayo, watu wanakuona.