Kitufe cha Kukodi

Mwambie mwenye duka la mtandaoni kwamba mtu asiyeona hawezi kununua kitu kwenye tovuti yake, jibu hakosi: "Hilo fundi ameshalimaliza." Alichokimaliza fundi ni kubandika pembeni mwa ukurasa kitufe cha kukodi, chenye alama ya mtu, kinachokuza herufi na kubadili rangi. Ada hulipwa kila mwezi, na bosi analala akiamini kwamba kwa mkupuo mmoja amewahudumia wenye ulemavu na kujikinga na mahakama.

Hajafanya lolote kati ya hayo mawili.

Asiyeona hana haja na herufi zako kubwa. Anakuja na kisoma skrini chake: TalkBack imo kwenye simu nyingi za Android, na NVDA ya kompyuta hutolewa bure. Programu hiyo haitazami ukurasa. Inasoma msimbo uliofichika nyuma yake. Fundi akisahau kuvipa vitufe majina, mteja atasikia "kitufe", kisha "kitufe", kisha "kitufe" tena, abahatishe mwenyewe kipi cha kulipa na kipi cha kufuta. Bei nazo, kama tulivyozoea, tunazitia ndani ya picha ya bango. Picha isipokuwa na maelezo, yeye husikia "picha", basi. Kitufe cha kukodi kitakisia tu kilichomo. Wewe unajua bango linasema nini, na kuliandika ni kazi ya dakika moja.

Marekani wameshapita njia hii. Mwaka 2016 mwanamume mmoja asiyeona aliishtaki Domino's Pizza kwa kuwa alishindwa kuagiza chakula kwenye tovuti na programu yake ya simu. Kampuni haikurekebisha; ilipigana hadi Mahakama ya Juu, ambayo Oktoba 2019 ilikataa kuisikiliza rufaa hiyo. Kampuni ilijitetea pia kwamba mteja angeweza kupiga simu. Alikuwa amepiga, akasubiri zaidi ya dakika 45, akakata. Mwaka 2021 jaji aliamuru tovuti irekebishwe na mlalamikaji alipwe dola 4,000. Dola 4,000, baada ya miaka mitano ya kulipa mawakili! Hesabu hiyo hata muuza genge angeikataa.

Na wauza vitufe je? Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1. Kosa lake: kudai kuwa kitufe chake kinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango vya ufikivu vya WCAG. Kinga yenyewe imeangukia mikononi mwa sheria.

"Hayo ya Marekani, huku nani atanishtaki?" Pengine hakuna, kwa leo. Lakini Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na Kenya imepitisha mpya 2025. Tena mteja aliyekwama kwenye ukurasa wako hana haja ya wakili ili akukomeshe. Ananunua kwa jirani yako, nawe hutajua kamwe kwamba alipita.

Usiku wa leo washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho, ujaribu kununua bidhaa yako mwenyewe hadi kulipa. Ukikwama, mwite fundi aurekebishe msimbo, na kitufe mrudishie aliyekukodishia.