KIKOI TWAKISIFU, MFUMAJI JE?

Siku hizi kikoi kimepanda cheo. Zamani kilikuwa vazi la nahodha jahazini, la mzee barazani Mji wa Kale, na la baba akipumzika nyumbani. Leo kimekatwa kikawa gauni, shati, mkoba, hata mito ya hoteli. Wenye maduka ya mitindo wanakipeleka Nairobi na London, na kila mmoja husema ati anainua utamaduni wa pwani. Vyema. Lakini yule aliyekifuma, yeye anainuliwa na nani?

Kwanza tuelewane. Leso na kikoi si kitu kimoja, ingawa vyote vyauzwa Barabara ya Biashara. Leso hupigwa chapa: kitambaa huja kwanza, maua na jina baadaye. Kikoi hufumwa. Milia yake hupangwa katika mtande, uzi kwa uzi, kisha mfumaji hupitisha mshindio, na mwishowe matamvua husokotwa. Kwa mkono, kazi hii yataka subira, na bei yake haiwezi kuwa sawa na ya nguo ya mashine kutoka ng'ambo. Viwanda vikubwa vyenyewe vilishindwa, sembuse fundi mmoja! Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ilifurika nchini, na KICOMI cha Kisumu kikafungwa.

Wako wasemao, "Kwani shida iko wapi? Mwenye duka akinunua kikoi, si mfumaji amepata?" Kweli, amepata. Hata mimi nasema bora anunuliwe kuliko aachwe. Lakini tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kikoi kimeuzwa shilingi 1,000, kikashonwa gauni likauzwa shilingi 10,000. Mshonaji na mwenye duka wana haki ya jasho lao, sikatai. Ila sifa yote ya gauni lile ni milia, na aliyeitia milia hajui hata gauni limekwenda wapi. Je, huko ndiko kumsaidia?

Tena tusisahau yaliyotokea. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" liandikishwe kama alama yake ya biashara. Fikirini, jamani! Jina tulilolikuta kwa mababu lifungiwe kabatini London, na Mkenya auzaye kikoi huko aonekane mwizi. Wakenya walipinga wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na mwaka 2008 ombi hilo likaanguka. Tulilinda jina. Wenye kazi bado hatujawalinda.

Wenzetu wa Ufilipino wametutangulia. Wanawake wa jamii ya T'boli hufuma kitambaa kiitwacho t'nalak kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Mmoja wao, Lang Dulay, alipewa na serikali heshima kuu ya wasanii wa jadi mwaka 1998, na jina lake likajulikana nchi nzima. Chanda chema huvikwa pete. Sisi hapa kisiwani, ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mfumaji mmoja wa kikoi?

Sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ikapitishwa mwaka 2016, nayo inazitaka kaunti ziweke daftari la maarifa hayo. Daftari lahitaji watu wa kuuliza na kuandika.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mwenye duka la mitindo anayejiita rafiki wa utamaduni aandike kwenye lebo jina la mfumaji na mahali kilipofumwa. Wapatane bei kabla ya kazi, na aagize mwaka mzima, asingoje msimu wa watalii peke yake. Nasi wa chama cha Kiswahili tusikae kitako. Tukinunua mavazi ya tamasha la drama, tumuulize muuzaji: hiki kimefumwa wapi, na nani? Kama pesa hazitoshi vikoi vya mkono kumi, tununue viwili wavae wahusika wakuu. Aidha, twende kwa wazee wetu tuandike majina ya milia na ya sehemu za kikoi kabla hayajapotea. Madaftari tunayo, na Kiswahili tunakijua.

Mfumaji asiyelipwa vizuri hatamfundisha mwanawe kazi ile. Naye akiondoka na ujuzi wake, hao wenye mitindo watatuletea vikoi kutoka ng'ambo, nasi tutavinunua.