Mwenye Kuweka Kipimo Naye Achangie Gharama



Liko neno moja ambalo yatupasa sisi tulio katika kazi za Serikali kulinena kwa adabu na kwa wazi. Ni habari ya kanuni za usafi wa maji, na mifuko inayotakiwa kuzitimiza. Hapana mwenye akili atakayepinga kwamba maji ya kunywa yapimwe. Sisi tuandikao kutoka Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone na ukingoni mwa Ziwa Nyasa, twajua maana yake. Wilaya ya Kyela ni ya mvua nyingi mno. Mito ikifurika, maji ya visima na ya vyoo huwa jirani, na jina la kipindupindu si geni katika nyumba zetu. Basi hatuandiki kuomba kipimo kilegezwe. Twaandika kuuliza: mwenye kuagiza anaandamanisha nini na agizo lake?

Nchi yetu si ya shirikisho kama Marekani, ambako Serikali Kuu na majimbo hubishana juu ya jambo hili. Hata hivyo mzigo ni ule ule, kwani hapa kanuni hutoka Wizarani na katika mashirika ya Taifa, na utekelezaji hushuka wilayani na vijijini. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 yataka kibali na ada kwa mwenye kutumia maji, na kwa upande wetu ada hizo ni za Bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu. Zipo tena kanuni za ubora wa maji za 2007, na kipimo cha maji ya kunywa kisichoruhusu hata kimelea kimoja cha kinyesi katika mililita 100. Kila moja ni njema, na kila moja ina gharama.

Tuichukue chupa moja ya maji tuifuatie njiani. Sampuli ya kupimwa vimelea yapasa kuwekwa katika baridi na kufika maabara katika muda wa saa chache, isizidi siku moja. Ikombe ni kijiji ambacho tangu kale desturi yake ni kufikiwa kwa mtumbwi kutoka Matema. Kutoka Matema kuna safari ya Kyela, na kutoka Kyela kupanda Tukuyu hata Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Barafu, chombo cha majini, gari, posho ya mtumishi na ada ya kupima, vyote vyataka fedha. Baada ya hapo chupa nyingine itakiwe tena kwa wakati wake. Aliyeandika kanuni aliandika mstari mmoja tu, bali mstari ule ni safari nzima kwa atakayeutimiza.

Na mtimizaji ni nani? Hata Juni 2019 mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa chini ya Halmashauri. Kuanzia tarehe 1 Julai 2019, kwa Sheria Na. 5 ya mwaka ule, kazi ya maji vijijini ilitwaliwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na uendeshaji ukakabidhiwa vyombo vya jamii ambavyo mfuko wao ni senti za ndoo. Lakini Bwana Afya alibaki Halmashauri. Sheria ndogo za kulinda vyanzo vya maji hutungwa na Halmashauri, na ugonjwa ukizuka, mlango unaogongwa kwanza ni wa Halmashauri. Hivyo fungu la maji limeondoka, na wajibu mwingi umebaki.

Tazameni sasa upande wa mapato. Kyela ni nchi ya kakao, mpunga na michikichi, na ushuru wa mazao ni nguzo ya Halmashauri. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hadi 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nasi twamfurahia. Tena tangu 2018 asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kwa sheria kuwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hilo nalo ni jema. Ila mkono ule ule uliopunguza mapato na kuyagawa kabla hayajaingia ndio utumao waraka wa kudai vipimo zaidi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Wako wasemao: basi kipimo kishushwe kilingane na mfuko. Hayo yamekwisha kujaribiwa. Mwaka 1974 nchi yetu iliruhusu kwa muda maji ya vijijini yawe na floraidi hata miligramu 8 katika lita, kwa kuwa njia ya kupata maji mengine ilikuwa ngumu. Baadaye kiasi kilishuka hata 4, na kipimo cha Afrika Mashariki leo ni 1.5. Katika nchi za Arusha na Kilimanjaro wako watu wazima ambao meno na mifupa yao ndiyo iliyolipa deni ambalo hazina haikulilipa. Kipimo kilichoshushwa hakifuti gharama; huihamisha tu ikaingia mwilini mwa raia.

Marekani walipotunga sheria ya maji salama ya kunywa mwaka 1974, majimbo yalikabidhiwa kuisimamia, na malalamiko ya gharama yakazidi. Mwaka 1995 ikatungwa sheria kwamba Bunge likitaka kuyatwika majimbo na miji wajibu mpya ulio mzito, kwanza gharama yake ihesabiwe na kutangazwa. Mwaka 1996 ukaanzishwa mfuko wa mikopo ya maji ya kunywa: Serikali Kuu hutoa fedha, na jimbo huongeza sehemu ya tano ya kiasi kile. Ubishi haukwisha kwao, lakini angalau bei husemwa kabla ya amri.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, kila kanuni mpya ya maji ije na hesabu ya gharama yake kwa wilaya na kwa kijiji, na fungu la kulipia. Pili, gharama ya kupima maji ya vijiji vya mbali ichukuliwe na Serikali Kuu, maana umbali si kosa la mwanakijiji. Tatu, mita 60 zikitekelezwa mahali kama Ikombe, ambapo mlima na ziwa vimeacha ukanda mwembamba wa kukaa watu, pawe kwanza na upimaji, mashauri na fedha, wala isiwe alama ya rangi nyekundu tu.

Neno la mwisho ni letu sisi makarani. Fomu ya ubora wa maji isiyo na fedha nyuma yake huleta kishawishi cha kuandika "yamepimwa" hali hayakupimwa. Tusifanye hivyo. Palipo na upungufu tuandike upungufu, kwa tarehe na kwa sababu. Nafasi iliyo wazi katika fomu yaweza kumwamsha mkubwa aone haja ya fungu, bali alama ya uongo humlaza usingizi, na mtoto hunywa maji yale.