Aliyepona Kansa ya Kinywa Arudishiwe Jembe Lake

Mtu akirudi Kibiti baada ya kutibiwa kansa ya kinywa, huwa tunampokea kwa namna mbili, na zote mbili hatuzipendi. Wengine humwekea kikombe na sahani yake pembeni, kana kwamba kansa yaambukizwa kwa chombo. Haiambukizwi hivyo. Wengine humwonea huruma mno, wakamkalisha mkekani mchana kutwa na kumnyang'anya jembe. Kumlea mtu mzima kama mtoto nako ni maradhi mengine.

Ugonjwa huu hutibika, hasa ukigunduliwa mapema. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma mawili au matatu, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, jino linalolegea bila sababu: hayo yapelekwe hospitali, yasisukutuliwe kwa maji ya chumvi mwezi mzima. Tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ugoro, pamoja na pombe, ndiyo visababishi vikubwa. Wazee wetu wapenda tambuu watatukasirikia, lakini popoo nayo, hata isipochanganywa na tumbaku, ilitajwa na wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2004 kuwa inasababisha kansa.

Matibabu ni upasuaji, mionzi, na mara nyingine dawa. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma sita au saba, hivyo mtu wa delta anayetibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hulazimika kuhamia Dar es Salaam kwa muda. Akirudi, mate yamekauka, ladha imepotea, na taya linakaza. Samaki mkavu na pilipili viwekwe kando kwanza. Wali uliolainika wenye mchuzi mwingi wa nazi hupita. Chupa ya maji iende naye shambani. Mazoezi ya kufungua kinywa ayafanye kila siku kama alivyofundishwa, hata akinuna, maana taya likishakaza kulirudisha ni kazi kubwa. Tena asing'olewe jino kabla ya kumweleza daktari wa meno kwamba taya lilipigwa mionzi, hata kama miaka mingi imepita. Mfupa uliopigwa mionzi waweza kushindwa kupona, ukaoza.

Sigmund Freud, yule daktari mashuhuri wa Vienna, alipasuliwa kansa ya kinywa mwaka 1923. Alifanyiwa operesheni zaidi ya 30, lakini aliendelea kuona wagonjwa na kuandika vitabu, akafariki mwaka 1939. (Sigara hakuziacha, na kwa hilo hatumsifu.) Ikiwa yeye aliweza kwa utabibu wa zama zile, kwa nini mwenzetu asirudi kwenye mikorosho yake, au kwenye mtumbwi wake? Aanze kwa saa chache, aongeze kadiri nguvu zinavyorudi. Na kama alikuwa msomaji wa masomo kanisani, na sasa maneno yanamteleza, aulizwe mwenyewe kama anataka kuendelea. Tusimwamulie. Masikio yetu yatazoea sauti yake mpya baada ya Jumapili chache.

Jambo linalotusumbua zaidi ni kliniki. Kansa hii ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo tarehe alizopangiwa si za kuchezea. Lakini mtu wa visiwani husubiri maji yajae ndipo apande chombo hadi Nyamisati, kisha atafute gari la kumfikisha barabara ya Kilwa, na kutoka hapo Dar es Salaam bado ni mbali. Katika jumuiya zetu mtu akifa twachanga siku hiyo hiyo. Nauli ya kliniki ni ndogo kuliko jeneza na chakula cha matanga, nayo huombwa kwa aibu, ikatolewa nusu nusu, hadi tarehe inapita.