Bwana Miti Asema: Mche Uzoee Jua Kabla ya Kupandwa

Kila mwaka wanakijiji hupanda miti. Miche mingi hufa hata kabla mvua hazijaisha. Watu husema, "Udongo wetu ni mbaya." Lakini mara nyingi kosa lilianza kitaluni. Mche ulilelewa kivulini, kisha ukapelekwa kwenye jua kali siku moja. Ukishindwa, utangoja mvua za mwaka ujao.

Mche wa kwenye kiriba una udongo kidogo tu. Hauwezi kujitafutia maji. Unakutegemea wewe. Basi, fuata mambo haya manne.

1. Kivuli
Mche ukiwa mchanga, jua kali huunguza majani yake. Simika vijiti, kisha ezeka nyasi au makuti juu yake.

2. Maji
Mwagilia asubuhi na jioni. Tumia kopo lenye matundu madogo. Kwanza gusa udongo kwa kidole. Ukiwa umelowa, usiongeze maji. Maji yakituama, mizizi huoza. Kwa hiyo kila kiriba kiwe na matundu chini.

3. Mizizi
Kiriba kikikaa mahali pamoja, mizizi hutokeza na kuingia ardhini. Inua viriba kila baada ya wiki 2. Kata mizizi iliyotokeza kwa kisu kikali. Fanya kazi hii jioni, kisha mwagilia. Usipoikata mapema, siku ya kupanda utakatika mzizi mkubwa. Mche utanyauka.

4. Jua
Wiki 4 kabla ya kupanda, anza kupunguza nyasi za kivuli. Wiki ya kwanza ondoa robo. Wiki ya pili ifike nusu. Wiki ya tatu bakiza robo tu. Wiki ya nne ondoa zote. Punguza na maji kidogo kidogo, lakini usiache majani yanyauke. Shina litakuwa gumu, na mche utavumilia shambani.

Hesabu tangu sasa. Kama kwenu unapanda katikati ya Machi, anza kuondoa kivuli katikati ya Februari. Kama unapanda mwanzoni mwa Desemba, anza mwanzoni mwa Novemba.

Siku ya kupanda, mwagilia miche kwanza. Chana kiriba, ukiondoe chote. Ukiona mizizi imejizungusha chini, ikate. Mti wenye mizizi ya namna hiyo unaweza kuangushwa na upepo hata ukiwa mkubwa. Okota viriba vyote. Ng'ombe au mbuzi akila plastiki anaweza kufa.

Ndugu msomaji, kivuli ni kizuri kwa mche mchanga. Lakini shambani hakuna paa la nyasi. Ufundishe mche wako jua mapema.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tunakata mizizi inayotokeza chini ya kiriba?
2. Kijijini kwenu mnapanda miti mwezi gani? Je, mtaanza lini kuondoa kivuli?