Kiungulia kisichosikia dawa kipimwe

Mgonjwa amemeza omeprazoli kwa miezi, na kifua bado kinawaka. Akirudi dukani anabadilishiwa dawa na kuambiwa ana vidonda vya tumbo. Hakuna aliyewahi kuuchunguza umio wake.

Tunataka utaratibu huu ukome. Swali la kwanza halihitaji mashine: dawa inamezwaje? Omeprazoli hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, lakini wengi huimeza wakisha kushiba. Hilo likirekebishwa na wiki nane zikapita bila nafuu, vipimo vianze. Anayekwamwa na chakula, anayekonda, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri hata kidogo. Saratani ya umio inaua wengi Afrika Mashariki, na mara nyingi hugundulika ikiwa imechelewa mno.

Kamera inayopitishwa mdomoni kuangalia umio isipoonyesha jeraha, kazi haijaisha. Upo mrija mwembamba unaopitishwa puani na kupima asidi ndani ya umio kwa saa 24. Asidi ikikaa humo zaidi ya asilimia 6 ya muda huo, ugonjwa wa asidi kupanda kwenye umio umethibitika. Ikiwa chini ya asilimia 4, hiyo ni kawaida. Mgonjwa atafutiwe chanzo kingine badala ya kuongezewa vidonge.

Hospitali za rufaa za mikoa zipewe vifaa hivi na wataalamu wa kuvitumia, na bima zigharimie vipimo kama zinavyogharimia dawa.