Usiulize bei ya shule ya udereva, uliza dakika za usukani

Kila wiki kuna msee ananiuliza: "Niaje, ni shule gani ya udereva iko na bei poa Nairobi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo wacha niandike mara moja, halafu mtumiane.

Bei ya kwenye bango haikuambii kitu. Bango linasema vipindi 20, leseni haraka, lipa pole pole. Sawa. Lakini kipindi ni dakika ngapi? Na hizo dakika ni zako peke yako, ama mnagawana na wasee wengine watatu wamekaa nyuma na simu zao?

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme shule ya kwanza inadai 14,000 kwa vipindi 20. Shule ya pili, ng'ambo ya barabara, inadai 18,000 kwa vipindi 20. Wengi wetu tutakimbilia ya kwanza, maana thao nne ni chakula ya wiki mbili. Sasa ingia ndani ya gari. Shule ya kwanza inabeba wanafunzi wanne kwa safari moja. Mmoja anachukuliwa stejini, mwingine anashushwa kwao, mwingine amezimisha gari katikati ya barabara na matatu zinapiga honi. Wewe unashika usukani dakika 12. Mara 20, hizo ni saa nne. Umelipa 3,500 kwa kila saa. Shule ya pili inakupea dakika 30 kamili ukiwa peke yako na mwalimu. Hizo ni saa kumi, na kila saa umelipa 1,800. Ile ya "bei poa" imekuuzia saa moja karibu mara mbili ya bei, na bado hujui kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma.

Hiyo hesabu hakuna shule itakufanyia. Ifanye mwenyewe kabla hujatuma hata shilingi.

Halafu kuna gharama zenye haziko kwa bango. Mimi nilipochukua yangu, nililipa serikali 650 ya leseni ya mwanafunzi, 1,050 ya kubuku mtihani na 3,050 ya leseni yenyewe, ile ya kadi. Jumla 4,750, na hiyo ni mbali na karo ya shule. Ongeza nauli ya kwenda yadi kila siku. Ongeza mtihani wa pili ukianguka wa kwanza. Kwa hivyo ukiambiwa bei, uliza: hii ni pamoja na ada za NTSA ama ni kando? Gari la kufanyia mtihani ni lenu ama nalipia tena? Nikianguka, nalipa nini? Wakianza kukuzungusha kwa maswali rahisi kama hayo, jua na pesa yako itazungushwa hivyo hivyo.

Na kuna ile ingine tunaongeanga kwa sauti ya chini. Ile elfu mbili ama tatu ya "kukusaidia siku ya mtihani". Shule yenye nilianza nayo iliitisha kila mtu, tena mchana peupe, kama vile ni ada ya kitabu. Wasee walilipa wakicheka. Mimi naona hivi: mtu akikuambia ulipe ndio upite, amekuambia pia kwamba hana imani na chenye amekufundisha. Umemlipa mara mbili, ya kwanza asikufundishe na ya pili akufiche.

Najua kuna mwenye atasema, "Buda, leseni ni karatasi tu, barabara ndiyo itanifunza." Nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani mwaka wa 2023, na 2024 ikawa hivyo tena. Kundi kubwa zaidi ni watu wanatembea kwa miguu. Si wenye magari. Ni mama anavuka barabara na mtoto wa kupeleka shule, ni fundi anatoka mjengo jioni. Barabara ikikufunza wewe, hao ndio wanalipa karo.

Na tuache hata huruma kando, tuongee kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa. Ukitoa cheti cha KCSE, leseni ndiyo karatasi ingine niko nayo yenye mtu anaweza kunilipa juu yake. Najua wengi wenu mko hapo hapo. Mnataka teksi za kuitwa kwa simu, mnataka kupeleka mizigo, kuna wenye wanawaza kazi ya dereva Dubai ama Qatar. Sasa mwenye gari hatakuuliza ulisomea wapi. Atakurushia funguo na kusema "twende", halafu atanyamaza akuangalie. Hapo hakuna wa kutumia elfu mbili. Dakika tano za kwanza zinamtosha kujua kama ulifunzwa ama ulinunua.

Kwa hivyo ukichagua, chagua mwalimu kwanza, jina la shule baadaye. Nenda kwa yadi asubuhi bila kujitambulisha. Simama hapo kando kama unangoja mtu. Hesabu wanaingia wangapi kwa gari moja. Shika mwanafunzi mwenye ametoka sasa hivi umuulize, "Leo umeendesha kutoka wapi hadi wapi?" Akikuambia kutoka stejini hadi petroli, umepata jibu.

Uliza mwalimu kama ana leseni ya kufundisha. Kanuni za Trafiki za 2020 zinataka shule iwe na leseni na mwalimu awe na yake, kwa hivyo hujamtukana. Angalia gari: liko na alama za L mbele na nyuma? Upande wa mwalimu kuna breki yake? Mikanda inafunga? Na amua mapema kama unajifunza gari la klachi ama la otomatiki, kwa sababu ukifanyia mtihani otomatiki, leseni itakufunga huko, na kazi nyingi za pikap na matatu bado ni klachi.

Uliza pia atakupeleka wapi. Mwalimu mzuri hakuzungushi mtaa mmoja tulivu wiki tatu. Anakupeleka kwenye raundabauti, kwenye mlima wenye foleni, kwenye barabara kubwa yenye malori. Wangu wa mwisho alikuwa mzee mpole, anafundisha kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mvua ikinyesha alikuwa anasema, "Leo ndiyo siku ya kusoma." Ukizimisha gari hakupigi kelele. Anakuuliza, "Umesikia klachi ikikuambia nini?" na anangoja ujibu.

Sasa hii ni ya wasichana, na ndugu zao pia wasome. Kumfunza mtu gia hakuhitaji mkono kwenye paja. Rafiki yangu mmoja aliacha vipindi nane vyenye alikuwa amelipia kwa sababu mwalimu alikuwa na mikono mingi, na alipoenda ofisini akaambiwa "huyo ni wa mzaha tu". Hakurudishiwa hata ndururu. Hiyo pia ni gharama, na hakuna bango limeiandika. Kabla ya kulipa, uliza mbele ya watu: nikitaka kubadilishiwa mwalimu, inawezekana? Jibu liwe ndiyo, bila "kwa nini". Na usilipe yote mara moja. Lipa kwa awamu, ndio uwe na nguvu ya kuondoka.

Mwenye hana 18,000, nakuelewa, hata mimi sikuwa nazo. Lakini afadhali uweke akiba miezi miwili zaidi ulipie saa kumi za kweli, kuliko kukimbilia saa nne na leseni ya kuogopa. Gari halina haraka, litakungoja.

Na kama mtaani kwenu kuna mwalimu mzuri, mwambie mwenzako. Wako wengi, ni vile tu hawana pesa ya bango.